Cooper alipona, pesa ndo zilimponyoka

Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya yule jamaa aliyeteka ndege ya Northwest Orient kule Marekani, Novemba 24, 1971, yule wanayemwita D.B. Cooper wakati tiketi alikata kwa jina la Dan Cooper. Mwandishi wenu kamaliza kwa kusema lazima alikufa, eti usiku, mvua, mtu kavaa suti na viatu vya ofisini karuka na parachuti toka futi 10,000, na pesa alizodai ili awaachie abiria, atapona vipi. Hapo sikubaliani hata kidogo.

Mbona hamkumtaja Martin McNally? Huyu aliteka Boeing 727 kama ile ile Juni 1972, hajawahi kuruka na parachuti maishani mwake, akashukia mlango wa nyuma usiku juu ya jimbo la Indiana na akatua mzima! Ila mfuko wa pesa, nusu milioni ya dola, ulichomoka akiwa hewani, ukaja kuokotwa shambani kwa mkulima. Mimi naamini Cooper yalimkuta hayo hayo. Aliomba pesa ziwekwe kwenye begi la mgongoni, wakamletea mfuko wa benki wa kitambaa, hauna hata mkanda wa kushikia, ikabidi akate kamba za parachuti moja aufunge nazo, sasa upepo wa ule mkia wa ndege na fundo za haraka haraka zile, kweli zitahimili?

Pesa za Cooper zilikuwa noti 10,000 za dola ishirini ishirini na FBI, wale wapelelezi wa serikali ya Marekani, walikuwa na namba zake zote, lakini hakuna hata moja iliyowahi kukamatwa dukani wala benki. Zilizoonekana ni dola 5,800 tu, mtoto alizifukua mchangani ukingoni mwa mto Columbia mwaka 1980, zimeoza pembeni na raba bendi bado zipo. Na wale wanaosema zilisombwa na mto Lewis, unaopita kule walikomtafuta, waangalie ramani jamani, Lewis unaingia Columbia chini ya hapo zilipookotwa, na maji hayapandi mlima, kwahiyo mfuko ulidondoka kwingine kabisa, mbali na kule msituni walikokuwa wanamtafuta yeye.

FBI waliacha kumtafuta 2016. Nawaomba mkiandika tena habari hii msituambie tu amekufa, wekeni na ya McNally wasomaji wapime wenyewe.

Msomaji wenu, Tanga