Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayejifunza kurusha mshipi wa nzi

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa hapa nyumbani. Mama yako amenisomea ujumbe wako kwa simu, nami nimeona nikujibu kwa maandishi, tena hadharani, kwa kuwa najua wapo wengine huko Nyeri, Nanyuki na Kericho wanaoshika ufito wa uvuvi wa nzi kwa mara ya kwanza na kukutana na mambo yale yale unayoyalalamikia: mshipi unaanguka kwa rundo mbele yako, nzi wa bandia anayetumika kama chambo anatua karibu na miguu badala ya kufika ng'ambo, bega linauma, na rafiki amekwisha kukushauri ununue ufito wa bei kubwa zaidi. Usinunue. Ufito ulio nao, wa futi 8 na nusu na wa mshipi namba 5, unatosha kabisa kukufundisha. Unachokikosa sasa ni mrusho mzuri wa nyuma, na huo hauuzwi dukani.

Ulipokuwa mdogo kule Mombasa ulizoea mshipi wa mkono wenye chubwi, na nadhani mwili wako bado unautafuta uzito mahali ulipokuwa wakati ule. Kwa mshipi wa mkono, uzito uko mwishoni: unalizungusha chubwi, unaliachia, nalo linakwenda zake huku likiuvuta uzi mwepesi nyuma yake. Katika uvuvi wa nzi mambo yamegeuzwa. Nzi tunayemtumia ni manyoya na uzi kidogo vilivyofungwa kwenye ndoana, na hata ukimtupa kwa nguvu zako zote hafiki mbali, kwa hiyo uzito umewekwa kwenye mshipi wenyewe, ambao ni mnene, una ganda la plastiki na hutengenezwa kwa kipimo maalumu. Namba 5 iliyoandikwa kwenye ufito wako inatokana na viwango vilivyowekwa na watengenezaji wa Marekani mwaka 1961: futi 30 za mwanzo za mshipi wa namba hiyo, yaani mita 9 na kidogo, zina uzito wa takribani gramu 9. Gramu hizo zimetandazwa kwenye urefu wote huo, na haziwezi kurushwa zikiwa zimejikunja miguuni pako. Ni lazima kwanza zinyooke hewani nyuma yako na kuuvuta ufito hadi upinde, ndipo ufito upate kitu cha kukirusha mbele. Mrusho wa mbele unaokusumbua umekwisha kuharibika nyuma ya kisogo chako, mahali usipopatazama.

Kwa hiyo geuza kichwa. Simama kiwanjani na mguu wa upande wa mkono unaoshika ufito ukiwa nyuma kidogo, ili kiwiliwili kiweze kugeuka bila taabu, kisha uufuate mshipi kwa macho unapokwenda nyuma. Utauona ukiondoka kwenye ncha ya ufito, ukifanya kitanzi chenye mguu wa juu na mguu wa chini, na kitanzi hicho kikisafiri kuelekea nyuma huku mguu wa chini ukirefuka na wa juu ukipungua. Kinapobaki kipinde kidogo tu mwishoni kabisa, hapo ndipo mkono uanze kwenda mbele. Ukianza kabla ya hapo, mshipi unapasuka hewani kwa mlio mkali kama wa kiboko, na mara nyingi nzi hukatika na kupotelea nyasini. Ukichelewa, mshipi unapoteza mkazo, unashuka na kugusa ardhi. Muda wa kusubiri haulingani siku zote: mshipi mfupi hunyooka upesi, mrefu huchukua muda zaidi, na ndiyo maana sipendi kabisa desturi ya kuwafundisha wanafunzi kuhesabu moja, mbili, tatu. Hesabu hiyo hukubaliana na urefu mmoja tu wa mshipi, kisha humdanganya mwanafunzi mara tu anapoongeza hata mita mbili. Macho yatakuambia ukweli kwa kila urefu, na baada ya muda mkono wenyewe utaanza kuuhisi mvuto mdogo wa ufito unaojulisha kwamba mshipi umenyooka.

Jambo la pili ni namna ya kusimamisha ufito, na hapa nakusihi usome taratibu, kwa kuwa naamini ndipo tatizo lako kubwa lilipo. Umecheza voliboli miaka mingi, na bega lako limefundishwa kupiga mpira kwa mkono unaoendelea kushuka mpaka mwisho. Ufito haupigwi hivyo. Mfikirie mtu anayelima wakati wa masika, udongo mbichi umeng'ang'ania jembe, naye analitikisa ili utoke: hulipeleka taratibu, huongeza mwendo, kisha hulisimamisha ghafla, na udongo huruka kwa sababu jembe limesimama. Mshipi nao huondoka pale ufito unaposimama. Usiposimamisha, ukaacha ufito uendelee kushuka hadi usawa wa kiuno, ncha yake huchora upinde mkubwa angani, na kitanzi hufuata njia ya ncha na kuwa kipana kama mlango. Kitanzi kipana hakina nguvu ya kukata upepo, hata upepo ule mdogo wa asubuhi, na uzi wa nailoni ulio mbele ya mshipi hauwezi kunyooka. Hilo ndilo rundo unaloliona mbele yako.

Ncha ya ufito inatakiwa isafiri karibu kwenye mstari ulionyooka kati ya kusimama kwa nyuma na kusimama kwa mbele. Ili ifanye hivyo, nguvu lazima iongezeke polepole tangu mwanzo, iwe kubwa zaidi karibu na mwisho, kisha ikome. Wengi wenye mabega yenye nguvu hufanya kinyume: huanza kwa kishindo, ufito hujipinda kupita kiasi mapema, ncha huzama chini ya mstari wake, na mguu wa juu wa kitanzi huanguka na kuvuka ule wa chini. Matokeo yake ni yale mafundo madogo unayoyakuta kwenye nailoni. Watu huusingizia upepo mafundo hayo, lakini hata siku isiyo na upepo yatakuja, kwa sababu yanatoka mkononi. Ukiyaona, usijaribu kuyafungua ukaendelea kama kawaida. Kata nailoni, funga nyingine, na mrusho unaofuata uanze kwa upole zaidi, kwa kuwa nailoni yenye fundo hupoteza sehemu kubwa ya uimara wake na samaki wa kwanza mwenye uzito ataikata hapo hapo.

Huenda umekwisha kufundishwa kanuni ya uso wa saa, kwamba ufito usimame penye tarakimu 10 mbele na penye tarakimu 1 nyuma. Mimi naikubali kwa miezi ya mwanzo tu. Kwa mshipi mfupi inakuzuia usiuangushe ufito nyuma, na hilo ni jema, lakini kadiri mshipi unavyorefuka ndivyo mwendo wa mkono unavyopaswa kurefuka, na anayeishikilia kanuni hiyo kama sheria hujikuta akiongeza nguvu mahali alipopaswa kuongeza nafasi. Kwako kwa sasa, itumie, tena weka kidole gumba juu ya mpini, na uuchomeke mwisho wa mpini ndani ya mkono wa shati lako la mikono mirefu ili kifundo cha mkono kikose nafasi ya kupinda. Utaona mara moja jinsi kifundo kilivyokuwa kikifanya kazi isiyo yake.

Nenda mazoezini kwenye nyasi, usiende mtoni. Najua wapo wavuvi wanaoheshimika wanaosema kwamba mtu hujifunza akiwa majini, na mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mto una samaki, na mwenye samaki mbele yake hatageuza kichwa kutazama nyuma. Kila mrusho atautazama unakotua, na kosa lililoko nyuma yake litaota mizizi. Kiwanja cha shule siku ya Jumamosi kinakutosha. Epuka saruji na changarawe, zinachubua ganda la mshipi. Mwishoni mwa nailoni, ambayo iwe na urefu wa futi 9 hivi na nene upande wa mshipi ikipungua kuelekea mwisho, funga kipande kidogo cha uzi wa sufu wa rangi inayoonekana, usifunge nzi mwenye ndoana, na bado uvae miwani na kofia. Toa mshipi wa mita 8 au 9 tu kwenye rili, yaani kile kigurudumu unachozungushiwa mshipi. Mkono wa kushoto uushike mshipi muda wote, usiuache ulegee, kwa kuwa kila ulegevu utakaouruhusu lazima umalizwe kwanza kabla ufito haujaanza kupinda, na kwa hiyo sehemu ya mrusho wako inapotea bure. Fanya mazoezi ya robo saa, kisha pumzika. Mkono uliochoka hujifunza makosa kwa bidii ile ile unayojifunzia mema.

Uliandika pia, na hili lilinigusa, kwamba labda mchezo huu ni wa wanaume wenye mikono mirefu. Napenda umfahamu Joan Wulff wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1926 na ambaye ujanani alikuwa mwalimu wa dansi. Mwaka 1951 alishinda shindano la taifa la kurusha mbali ambalo washindani wake wote walikuwa wanaume, na mwaka 1960 alirusha umbali wa futi 161, yaani mita 49, kisha akaja kuwa mwalimu anayeheshimika kuliko wengi katika fani hii, akifundisha kwenye mto Beaverkill katika jimbo la New York. Hakuwa na mwili mkubwa. Alichoeleza kwa ufasaha ni mpangilio wa mrusho: kuondoa ulegevu, kuongeza mwendo, kusimama, kusubiri. Ukimtazama kwenye filamu zake za zamani, uangalie mkono wake unavyotulia mshipi ukiwa bado unasafiri nyuma, wala usitazame mshipi unakotua.

Siku itakapofika, na itafika, utakutana na mito yetu ilivyo. Samaki aina ya trauti si wenyeji wa nchi hii. Waliletwa mwaka 1905, mayai yao yakitoka Loch Leven kule Uskoti, na mlowezi Mwingereza Ewart Grogan akawapandikiza kwenye mto Gura ulioko kwenye milima ya Aberdare, na kutoka hapo wakaenea kwenye maji baridi ya milima yetu. Mito hiyo haifanani na ile ya kwenye picha, yenye malisho mapana pande zote mbili. Chania na Gura hupita kwenye msitu, mianzi na matawi yenye ndevu za kuvu vikiwa vimekuinamia mgongoni, na mahali pengi huna hata mita tatu za kupeleka mshipi nyuma. Hapo ndipo utakapohitaji mrusho wa kuviringisha: mshipi unabaki majini mbele yako, unauvuta taratibu hadi ufito uwe nyuma kidogo ya bega na mshipi uning'inie kando yako kama tumbo la mviringo, unatulia kidogo, kisha unaupeleka ufito mbele kwa mwendo ule ule wa kuongeza na kusimama, na mshipi unajiviringisha juu ya maji hadi nzi anatangulia. Huu haufanyiki vizuri kwenye nyasi kavu, kwa sababu unategemea maji yaushike mshipi ili ufito upinde. Kwa huo tafuta bwawa, lolote, hata lisilo na samaki. Lakini usiuanze kabla mrusho wa nyuma haujakukaa mkononi, kwa kuwa kusimama na kusubiri ni kule kule, na anayejifunza kuviringisha kwanza huutumia kukwepa kazi ngumu.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu kutazama nyuma, ambalo kwenye hifadhi ya Aberdare halihusu mshipi peke yake. Maji ya Gura yana kishindo kikubwa, na mtu aliyesimama ndani yake hawezi kumsikia nyati akitoka kwenye mianzi. Hatuendi kule bila askari wa wanyamapori, wala hatushuki mtoni kabla hajatupa ruhusa, na leseni ya kuvua tunaikata kabla ya kuingia.

Endelea na kiwanja mpaka mshipi wa mita 9 unyooke nyuma na mbele mara nyingi mfululizo bila kugusa nyasi, kisha umwombe mtu akupigie video ya simu kutoka ubavuni, ncha ya ufito ionekane yote, unitumie. Nikiona kitanzi kimekuwa chembamba tutapanga safari ya Chania, nami nitakuja na nzi weusi wadogo ambao ndoana zao nimezibana vijino, ili hata mshipi ukija vibaya usitujeruhi. Nijulishe tarehe mapema, maana leseni na askari vinahitaji kushughulikiwa kabla.

Wako,
Mjomba