Ziwa Sagara linahitaji daftari lake

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nilisemee Ziwa Sagara, lililomo ndani ya ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, ya kwanza nchini kuorodheshwa katika Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000. Mimi ni mwalimu mstaafu wa baiolojia, naishi Usinge, wilayani Kaliua.

Nina mfuniko wa sufuria wenye upana wa sentimita 20. Nimeugawa robo nne na kuzipaka rangi nyeusi na nyeupe kwa kupokezana, nikaufunga kamba yenye fundo kila sentimita 10. Mwitaliano Angelo Secchi, padri na mwanasayansi, alipima uangavu wa bahari kwa kushusha kisahani namna hii mwaka 1865. Kila mwezi, saa sita mchana, kijana wa mtumbwi hunipeleka mahali palepale. Naushusha hadi upotee machoni, nahesabu mafundo. Kiangazi kilichopita yalikuwa tisa. Mvua zilipokolea hayakufika manne.

Najua mvua huleta tope kila mwaka. Lakini sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo, na hapa kwetu tumbaku na mpunga vimeshuka hadi kwenye matete. Matete ndiyo chujio la ziwa. Yakifyekwa, mbolea huingia moja kwa moja, mwani unastawi, na usiku mwani huohuo hutumia oksijeni iliyomo majini. Alfajiri mbili mwaka huu nimewaona perege wakihema juu ya maji. Niliumia sana.

Wataalamu waliwahi kuja, wakajaza chupa, wakaondoka. Majibu hatujayaona hadi leo. Tena chupa ya siku moja haiwezi kutueleza habari za mwaka mzima.

Ombi langu: kila mwalo upewe kisahani, kipimajoto na daftari, BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, isimamie, na vipimo visomwe kwenye mkutano wa kijiji kama yanavyosomwa mapato na matumizi. Kituo cha Kigoma cha TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, kitufundishe kupima oksijeni, hasa kabla ya jua kuchomoza.

Daftari langu lina vipimo vya miaka mitatu. Nitalikabidhi kwa yeyote atakayeliendeleza, maana macho yangu yameanza kufifia na mafundo ya chini siyaoni vizuri.

Mwalimu mstaafu,
Usinge, Kaliua, Tabora