Bodi ya gemu haijafa, ina njaa ya umeme

Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja kutoka Ujiji hapa karakanani kwetu Mwanga, Kigoma, ameshika kitu kimeviringishwa kwenye kipande cha kanga. Akakiweka mezani taratibu kama anashusha trei ya mayai.

"Fundi, hii ilikuwa mashine yangu ya gemu za sarafu. Kabati limeliwa na mchwa, kioo chake kiliungua zamani. Nimebaki na hii, na wameniambia imekufa."

"Nani kakwambia, mzee wangu?"

"Kijana wa jirani. Aliiunga na chaja ya king'amuzi, haikuwaka."

Sikucheka, ingawa nilitamani. Bodi ya gemu, yaani lile bamba lenye chipu linaloendesha mashine ya sarafu, haiwashwi na chaja moja, na kwa sababu hiyo tumekaa karibu mwaka mzima tukitengeneza boksi letu. Wenzetu wa nje kifaa cha namna hii hukiita supagani. Sisi tunaliita boksi tu. Kazi yake ni kusimama mahali pa lile kabati: linaipa bodi umeme wake, linapokea picha na sauti, linapeleka kwenye TV ya sebuleni, na linakupa mahali pa kuchomeka joistiki.

Kilichorahisisha kazi ni kwamba bodi nyingi za kuanzia 1985 zinafuata mpangilio mmoja wa kuunga nyaya, wa Japani, unaoitwa JAMMA. Tazama ukingo wa bodi yako. Ukihesabu meno, yaani vile vipande vya chuma vya kugusanishia, 28 juu na 28 chini, jumla 56, basi kuna uwezekano mkubwa ni ya ukoo huo. Meno ya mwanzo ni ya umeme: volti 5 za kuendesha chipu, volti 12 ambazo mara nyingi ni za sauti, na kwenye bodi za zamani kuna volti hasi 5 pia. Yanayofuata ni ya spika, picha, sarafu, joistiki na vitufe.

Karibu na meno ya umeme kuna pengo dogo, kwenye nafasi ya saba. Konekta nzuri, yaani soketi inayoshika meno ya bodi, ina kipande cha plastiki kinachoingia hapo ili usiweze kuchomeka bodi kichwa chini. Kuna watu wanaking'oa kwa sababu "kinabana". Tafadhali usikiguse. Ukigeuza bodi, volti 12 zinaangukia kwenye njia ya kitufe cha pili, na hapo ndipo bodi inaweza kufa kweli.

Turudi kwa mzee. Nilichukua raba nyeupe ya mwanafunzi nikasugua yale meno mpaka weusi ukatoka, nikafuta kwa spiriti, nikachomeka kwenye boksi la majaribio. Ikawaka, ikaonyesha herufi za ajabu ajabu, ikajizima, ikawaka tena. Inazunguka hivyo hivyo. Fundi asiye na subira angesema chipu zimeoza. Nikapima kwa mita. Kwenye pawa saplai nakuta volti 5.05, kila kitu shwari. Nikahamisha ncha za mita mpaka juu ya chipu yenyewe, nikakuta 4.62.

Chipu za aina hii zinataka kati ya 4.75 na 5.25. Chini ya hapo zinaanza kuweweseka. Volti zilikuwa zinapotelea njiani, maana boksi lile la majaribio nilikuwa nimelifunga kwa waya mwembamba nikiharakisha. Nikaweka waya mnene, nikatumia meno yote manne ya volti 5 badala ya moja, nikazungusha kiskrubu cha pawa saplai kidogo. Kwenye chipu ikasoma 4.98. Muziki ukaanza. Mzee akavuta kiti.

Ndiyo maana kila boksi tunalouza lina vitundu viwili mbele vya kuingizia ncha za mita. Vimeungwa na meno ya konekta, si na pawa saplai, kwa hiyo unasoma kile kinachofika mlangoni mwa bodi. Bodi moja inakula umeme mwingi kuliko nyingine, na ukibadilisha bodi inabidi upime upya. Usipandishe volti kwa kubahatisha.

Kwenye picha maswali ni mengi zaidi. Bodi inatoa rangi tatu, nyekundu, kijani na bluu, kila moja na waya wake, pamoja na waya wa mapigo unaoiambia TV mstari unaanzia wapi. TV zetu nyingi zina matundu ya njano, nyeupe na nyekundu tu, na ile nyekundu ni ya sauti. Kwa hiyo ndani ya boksi kuna chipu ya kuchanganya rangi zote ziingie kwenye ule waya mmoja wa njano. Kabla ya hapo tunapunguza nguvu ya rangi, kwa sababu bodi inazitoa kali kuliko TV inavyozoea. Bila hivyo uso wa mchezaji unang'aa kama umepakwa chokaa.

TV ya chogo ndiyo bora kwa kazi hii, na wala siuzi TV. Mistari yake inakwenda mwendo uleule wa kioo cha mashine za sarafu. Flati nayo inaweza, lakini nyingi huchakata picha kwanza kabla ya kukuonyesha: unabonyeza ngumi, inatoka umeshapigwa. Halafu kuna bodi zenye mwendo wake. TV zetu zimezoea picha 50 kwa sekunde, bodi nyingi hutoa karibu 60, na Mortal Kombat ya 1992 hutoa kama 54.7. TV moja itaishika, nyingine picha itapanda juu kama pazia.

Sauti ilinifundisha adabu. Boksi langu la kwanza kabisa niliunga waya hasi wa spika moja kwa moja na hasi ya TV, kama ningefanya kwenye redio yoyote. Baada ya dakika kadhaa ikanuka. Bodi nyingine pande zote mbili za spika zina umeme, hakuna upande wa ardhi, na mimi nilikuwa nimeupeleka mmoja ardhini. Chipu ya sauti ya bodi yangu mwenyewe ikaenda. Sasa tunapitisha sauti kwenye transfoma ndogo ya kutenganisha, na ni bora boksi liongezeke bei kuliko mteja anuse harufu ile.

Jambo jingine la hapa kwetu ni umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Boksi letu likizimika kwa kukatika umeme, linabaki limezima mpaka ulibonyeze mwenyewe. Subiri umeme utulie kwanza.

Bei ni shilingi 280,000 pamoja na joistiki moja, dhamana miezi sita. Vitufe ni vitatu kwa kila mchezaji kama JAMMA inavyotaka. Gemu za vitufe sita kama Street Fighter II ya 1991 zinahitaji waya wa pembeni unaochomekwa kwenye bodi, huo tunautengeneza kwa kuagiza. Kupima bodi ni bure hata kama hununui. Ila nikuambie mapema: bodi za aina ya CPS-2, za kampuni ya Capcom, zina betri inayolinda funguo za programu, na betri ikiisha gemu haifunguki. Ukiniletea hiyo nitakwambia ukweli hapo hapo mezani, sitakuuzia boksi la kuangalia kioo cheusi.

Ukija, njoo na bodi, na kama unaweza njoo na TV yenyewe utakayotumia, tuijaribu pamoja kabla hujalipa. Remoti usiisahau. Mzee wa Ujiji aliisahau, na TV yake haina kitufe cha AV, ikabidi arudi na bajaji kuifuata.