Malalamiko kuhusu tiketi ya mtoto aliyetimiza miaka miwili akiwa safarini

Milimani, Kisumu
1 Septemba 2025

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Bwana/Bibi,

KUH: TIKETI YA MTOTO WA KUPAKATWA ILIYOKATALIWA KATIKA SAFARI YA KURUDI, MOMBASA HADI KISUMU

Naandika kwa niaba ya familia yangu kulalamikia jinsi kampuni yenu ilivyotuuzia tiketi ya kwenda na kurudi ya mtoto wetu mdogo, ilhali tarehe yake ya kuzaliwa mlikuwa nayo, kisha ikaikataa tiketi hiyo hiyo siku ya kurudi na kututoza nauli kamili ya siku hiyo, muda mfupi kabla ya kaunta kufungwa.

Safari yenyewe haikupangwa kwa pupa. Shemeji yangu alikuwa akioa Mombasa wakati wa likizo ya Agosti, na waliosafiri kutoka kwetu walikuwa mimi, mume wangu, mama mkwe, mwanangu mkubwa wa miaka 6 na huyu mdogo aliyezaliwa tarehe 19 Agosti 2023. Tulizipima njia zote. Kwa basi, kutoka Kisumu kupitia Nairobi hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 800, na mtoto wa umri ule hakubali kutulia kitini mchana kutwa na usiku kucha. Treni ya SGR, ambayo imekuwa ikibeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa tangu mwaka 2017, tuliifikiria pia, lakini kituo chake kiko Syokimau, na kufika Syokimau kutoka Kisumu kungetaka siku nzima barabarani kabla hata ya kupanda treni, tukiwa na mzee anayesumbuliwa na magoti. Ndege ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote. Tuliichagua kwa ajili ya mtoto na nyanya yake, na fedha zake tulizitenga mapema.

Kabla ya kulipa kulikuwa na jambo moja nililotaka kulielewa vizuri. Utaratibu wa mashirika ya ndege unajulikana: mtoto aliye chini ya miaka 2 hupakatwa na mzazi, akiwa amefungwa kwa mkanda mdogo unaounganishwa na ule wa mzazi, na akishatimiza miaka 2 hupewa kiti chake na kulipiwa nauli ya mtoto. Sisi tulikuwa tunaondoka tarehe 14 Agosti na kurudi tarehe 24 Agosti, kwa hiyo siku ya kuzaliwa ya mtoto ingetukuta Mombasa. Niliwaandikia wahudumu wenu kwa wasap, kupitia nambari iliyo kwenye tovuti yenu, nikawatajia tarehe zote tatu na kuuliza kama nimnunulie kiti cha kurudi. Nilijibiwa kwamba umri unaohesabiwa ni wa siku ya kuanza safari, na kwamba tiketi ya kupakatwa ingetosha kwenda na kurudi. Nakala ya mazungumzo hayo nimeiambatisha.

Hata kama mhudumu huyo alikosea, tovuti yenu ilikuwa na nafasi ya kumsahihisha. Ilinitaka niandike siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa wa kila mtoto, na tarehe ya kurudi ilikuwa papo hapo kwenye ukurasa ule ule. Ikapiga hesabu ya mtoto wa kupakatwa, Shilingi 1,400 kwenda na Shilingi 1,400 kurudi, ikapokea malipo ya M-Pesa na kunitumia tiketi. Tarehe 14, katika uwanja wa ndege wa Kisumu, karani wenu alikitazama cheti cha kuzaliwa cha mtoto, akaitazama tiketi yenye tarehe ya kurudi, akatutakia safari njema.

Siku ya kurudi tulifika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi mapema, kama inavyompasa mtu mwenye watoto, mizigo na mzee. Mbele ya kaunta karani aliuliza umri wa mtoto, akaingiza kitu kwenye kompyuta yake, kisha akatuambia kwamba mtoto ni wa miaka miwili na hawezi kupakatwa. Nilimwonyesha ujumbe wa wasap. Alisema ujumbe huo si tiketi. Nilimwonyesha tiketi, akasema tiketi haibadilishi umri wa mtoto. Nilipoomba msimamizi, tuliambiwa tusubiri pembeni, na msimamizi alipofika alirudia maneno yale yale na kuongeza kwamba nauli inayopatikana wakati huo ni Shilingi 18,650, na kwamba tukichelewa zaidi tutaachwa sote. Mume wangu alilipa, kwani mimi nilikuwa nimembeba mtoto aliyekwisha kuchoka na kulia.

Naomba nieleweke. Sipingi mtoto wa miaka miwili kuwa na kiti chake. Ni kanuni ya usalama, na mtoto wetu ni mzito wa kutosha kunifanya niifurahie. Ninachopinga ni kwamba kampuni iliyokuwa na tarehe zote ilipokea fedha kwa ajili ya huduma ambayo isingeweza kuitoa, ikanyamaza muda wote ambao kiti kingeweza kununuliwa kwa bei ya kawaida, kisha ikaikumbuka kanuni pale ambapo msafiri hana njia nyingine ila kulipa. Konda wa matatu anayekupakia Kisumu kwa nauli ya Kericho, halafu akakudai nyongeza mkifika Awasi, hupigiwa kelele na gari zima; sijui ni kwa nini tabia hiyo iwe ya heshima ikifanywa na karani aliyevaa tai.

Na bei yenyewe haina maelezo. Kaka yake mtoto, ambaye ana miaka 6 na aliyekatiwa tiketi pamoja nasi siku moja, alilipiwa nauli ya mtoto ya Shilingi 9,300 kwa safari ya kurudi. Hiyo ndiyo nauli ambayo ningelilipia huyu mdogo laiti ningalijibiwa kwa usahihi, na ningeilipa bila kinyongo. Badala yake tulilipa Shilingi 18,650 kwa mtoto wa miaka miwili na siku tano, kiwango cha mtu mzima aliyefika uwanjani bila tiketi, juu ya zile Shilingi 1,400 ambazo hazikurudishwa.

Kuna jambo la pili ambalo kwangu ni zito kuliko fedha. Kiti tulichouziwa kwa bei hiyo kilikuwa safu ya 17, nasi wengine tulikuwa safu ya 9 na ya 10. Nilipomuuliza karani ni nani angeketi na mtoto, alisema tuelewane na abiria wengine tukishaingia. Katika kila safari wahudumu wenu husimama mbele ya abiria na kuwaambia kwamba barakoa za oksijeni zikishuka, mtu mzima avae yake kwanza kisha amsaidie mtoto aliye naye. Ningemsaidiaje mtoto aliye safu nane nyuma yangu, ambaye hata kufungua mkanda hajui? Tena wakati ndege inaposhuka, mgandamizo wa hewa hubadilika na masikio ya watoto wadogo huuma, kwa sababu vijia vinavyosawazisha hewa ndani ya sikio bado ni vyembamba. Dawa yake ya karibu ni kumpa mtoto kitu cha kunyonya au kumeza, na hilo hutaka mkono wa mtu anayemjua. Abiria mmoja aliyekuwa safu ya 9 alihama kwa hiari yake na kwenda nyuma. Kama si wema wake, sijui mngetuambia nini. Usalama ulitajwa tulipotakiwa kulipia kiti, lakini kiti kilipotolewa haukuonekana kumhusu mtu.

Kwa haki ni lazima niseme kwamba wahudumu wa ndani ya ndege walitutendea vyema, na tulipobadilisha ndege Nairobi kuna kijana wenu aliyekileta kigari cha mtoto hadi mlangoni bila kuombwa. Malalamiko yangu hayawahusu hao.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya kupewa habari zinazomwezesha kunufaika kikamilifu na huduma anayoinunua, haki ya kulindwa afya yake, usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro ya huduma. Sheria ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012 nayo inakataza mteja kupewa maelezo ya uongo au ya kupotosha. Jibu nililopewa kwa wasap lilipotosha, na hasara imeandikwa kwenye risiti yenu wenyewe.

Kwa hiyo naomba tulipwe Shilingi 10,750, ambayo ni tofauti kati ya Shilingi 20,050 tulizotozwa kwa mtoto huyu katika safari ya kurudi na Shilingi 9,300 zilizostahili. Sitaki vocha ya safari nyingine. Malipo yarudi kwenye nambari ile ile ya M-Pesa iliyolipia tiketi. Naomba pia mnieleze kwa maandishi ni kwa nini mfumo wenu, unaouliza tarehe ya kuzaliwa kwa lazima, hauilinganishi na tarehe ya kurudi kabla ya kupokea fedha, na kama mna mpango wa kuurekebisha. Mzazi anayeambiwa mapema hununua kiti mapema, na karani wa kaunta huepushwa na ugomvi asioweza kuumaliza. Kuhusu viti, nataka kujua kama kampuni ina utaratibu wowote wa kumweka mtoto wa chini ya miaka 12 karibu na mtu mzima aliyesafiri naye bila malipo ya ziada, na kama upo, ni kwa nini haukufuatwa Mombasa.

Nitasubiri jibu lenu kwa siku 14 kuanzia tarehe ya barua hii. Likikosekana, nitayapeleka malalamiko haya pamoja na viambatisho vyake kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya.

Wenu mwaminifu,

Mama wa msafiri aliyetajwa

Viambatisho: nakala ya mazungumzo ya wasap, tiketi za kwenda na kurudi za watoto wote wawili, cheti cha kuzaliwa, risiti ya kaunta ya Mombasa, pasi ya kupandia ndege inayoonyesha kiti cha safu ya 17.