Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: kidonda kilichoanzia wodini kitolewe maelezo

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

YAH: VIDONDA VYA MGANDAMIZO KWA WAGONJWA WALIOLAZWA

Sisi ni wauguzi na wataalamu wa fiziotherapia wa hapa Moshi. Tunakuandikia kuhusu mgonjwa anayeletwa hospitali akiwa amevunjika paja au uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda, ngozi yake ikiwa nzima, na baada ya wiki chache ana kidonda mwisho wa mgongo kilichofika mfupani. Ukifungua faili lake utakuta dawa zote, vipimo vyote na picha za eksirei. Hutakuta mstari hata mmoja unaosema aligeuzwa saa ngapi. Tunaomba kidonda cha namna hii kiandikiwe taarifa na kuchunguzwa, kama inavyopaswa mgonjwa akipewa dawa isiyo yake.

Nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu. Msukumo wa damu ndani ya mishipa midogo kabisa ni kama milimita 32 za zebaki, na mtu aliyelala chali juu ya godoro lililochoka huuzidi kwa urahisi mwisho wa mgongo, kwenye visigino na kisogoni. Kwa mgonjwa dhaifu, saa 2 zinatosha kuanzisha madhara. Tena madhara hayo mara nyingi huanzia chini, karibu na mfupa, na ngozi hupasuka mwishoni. Kinachojitokeza leo huenda kilianza siku mbili au tatu zilizopita, pengine juu ya ubao mgumu wa kubebea majeruhi ambao hakuna aliyekumbuka kumwondolea alipofika.

Kwa hiyo ngozi ikaguliwe siku ileile ya kulazwa, ndani ya saa 8, kuanzia kisogoni hadi visiginoni, na yaliyoonekana yaandikwe. Ukaguzi huo unamlinda mgonjwa, na unailinda hospitali pia pale mgonjwa anapohamishwa kutoka Same au Rombo akiwa tayari ameumia. Wengi tumefundishwa kutafuta wekundu usiofifia ukibonyeza kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo ni vigumu kuuona. Tafuta mahali palipoiva rangi kuliko pembeni yake au penye uzambarau, kisha papase: pana joto au ubaridi usio wa kawaida, pamekuwa pagumu au tepetepe, mgonjwa anasema panauma. Mwanga uwe wa kutosha. Juni na Julai, baridi ikiwa kali, mgonjwa hufunikwa blanketi juu ya blanketi na mgongo wake unaweza kupita siku bila kufunuliwa.

Kipimo cha Braden, cha kukadiria hatari ya mgonjwa kupata kidonda cha mgandamizo, kinapima mambo 6: kuhisi maumivu, unyevu wa ngozi, kutembea, kujigeuza, lishe, na msuguano. Alama huanzia 6 hadi 23, na 18 kushuka chini ni hatari. Muuguzi aliyekizoea hukijaza kwa dakika chache.

Kazi kubwa ni kugeuza. Kila baada ya saa 2, ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto. Ubavu usiwe wa moja kwa moja, kwa sababu nyonga itabeba uzito wote. Mwinuko wa nyuzi 30 kwa mto mgongoni unatosha. Kichwa cha kitanda kisipande zaidi ya nyuzi 30 isipokuwa wakati wa kula au daktari akiagiza, maana mgonjwa huteleza chini, ngozi ikang'ang'ania shuka huku mfupa ukienda, na mishipa ikakatika ndani. Kumpandisha ni kazi ya watu wawili kwa shuka la kunyanyulia. Kumburuta kwa makwapa ni kumchuna. Mto uwekwe chini ya mashavu ya miguu, visigino vining'inie hewani. Glovu iliyojazwa maji chini ya kisigino haisaidii, na kusugua mahali palipobadilika rangi kunaongeza uharibifu.

Tunajua hali ya wodi. Tuchukue wodi ambayo wagonjwa 8 hawawezi kujigeuza. Kila mmoja akihitaji dakika 5 za watu wawili, hizo ni dakika 40 katika kila dakika 120, usiku na mchana. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku hawezi, na hatutaki abebeshwe lawama peke yake. Lakini ndugu wa mgonjwa yupo, na mara nyingi ndiye anayegeuza bila kufundishwa, kisha anatolewa nje muda wa kuona wagonjwa ukiisha. Afundishwe, apewe kibali cha kubaki, na saa aliyogeuza iandikwe kwenye chati ya kitandani, isomwe wakati wa kukabidhiana zamu. Magodoro nayo yakaguliwe: kandamiza ngumi katikati, ukigusa chuma godoro hilo limekwisha kazi.

Lishe husahauliwa sana. Mgonjwa mwenye kidonda anahitaji kama gramu 1.25 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani gramu 75 hadi 90 kwa mtu wa kilo 60, ikiwa figo zake ni nzima. Yai moja lina kama gramu 6. Uji mtupu asubuhi na ndizi kwa mchuzi mwepesi jioni havifiki hapo. Maharage, dagaa, maziwa na mayai ndivyo vinavyojenga nyama.

Kidonda kikishatokea, kisafishwe kwa maji ya chumvi ya dripu. Spiriti na haidrojeni peroksaidi huua chembe mpya zinazoota. Nyama iliyooza iondolewe na mwenye ujuzi, ila gamba jeusi kavu la kisiginoni lisilo na usaha wala wekundu liachwe. Na kidonda kisafishwe namna yoyote ile, bila kugeuza hakiponi.

Hatusemi kila kidonda ni uzembe. Mgonjwa aliye mwishoni mwa uhai anaweza kupata kidonda hata akihudumiwa vizuri. Ila uzembe wa kitabibu mbele ya sheria hupimwa kwa wajibu, kwa kiwango cha huduma kilichotarajiwa, na kwa uhusiano wa huduma hiyo na madhara. Chati tupu haimtetei muuguzi aliyegeuza usiku kucha, wala haimpi haki mgonjwa ambaye hakugeuzwa. Nchini Marekani, tangu Oktoba 2008, bima ya Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, imeacha kuilipa hospitali nyongeza kwa vidonda vya daraja la 3 na la 4, yaani vilivyopita ngozi yote hadi kwenye mafuta, misuli au mfupa, vilivyoanzia humo humo.

Tunakuomba utoe waraka kwa hospitali zote za mkoa, za Serikali na za mashirika ya dini: ukaguzi wa ngozi siku ya kulazwa, chati ya kugeuza kwa kila asiyejiweza, na idadi ya vidonda vipya vya daraja la 2 (ngozi ya juu imechubuka) kwenda juu iletwe kwako kila mwezi, wodi kwa wodi. Ndugu waambiwe kidonda kikionekana, siku hiyohiyo, pamoja na kinachofanywa. Sisi tuko tayari kufundisha wodini bila malipo.

Wauguzi na wataalamu wa fiziotherapia, Moshi

Nakala: Muuguzi Mkuu wa Mkoa, Waganga Wafawidhi wa hospitali