Nunua bodi kwanza, swahiba

Bombo,
Jumapili jioni

Swahiba wangu,

Salaam nyingi kutoka kwetu. Sisi wazima, shemeji yako anakusalimu, na watoto wanauliza utawaletea lini samaki wa Busia kama ulivyoahidi Idi iliyopita.

Ujumbe wako ulinikuta Alhamisi niko chini ya gari, mikono imejaa oili, nikamwambia kijana anisomee kwa sauti. Alipofika kwenye maneno "Glanza nyeupe, iko Mbale, mwenyewe anataka pesa haraka," nilitoka kule chini papo hapo. Nilitaka kukupigia, kisha nikaona mambo ya kukuambia ni mengi mno kwa simu, na nataka uwe nayo mkononi siku ya kulitazama.

Hamu hii ya kwako naijua ilikotoka. Tulikuwa wanafunzi mwaka ule wa 1999, Mganda mwenzetu Charles Muhangi alipotwaa ubingwa wa Afrika wa mbio za magari, na kila kijana alijiona dereva. Wenzetu walishangilia magari makubwa yaliyotangulia. Wewe ulikuwa unabaki pale kando ya barabara, vumbi puani, ukingoja vile vigari vidogo vya nyuma, vinavyokata kona vikiwa vimeinua gurudumu moja la nyuma hewani. Miaka yote hii umeendesha magari ya kazi. Umelea, umejenga, umesomesha. Kama sasa una nafasi ya kununua gari unalolipenda, mimi niko nyuma yako kabisa.

Ila uelewe unanunua nini. Glanza V ni Toyota Starlet ya mwisho yenye turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa ya ziada, iliyotengenezwa kati ya 1996 na 1999 kwa soko la Japani. Injini yake ina ujazo wa cc 1,331 tu, lakini ina nguvu za farasi 135, na gari zima halifiki tani moja. Siri iko kwenye huo uzito. Hata Volkswagen Golf GTI ile ya kwanza ya 1976 ilikuwa na farasi 110 tu, ikawapa taabu magari ya bei kubwa kwa sababu ilikuwa na kilo mia nane na kitu. Golf GTI za leo zina nguvu mara mbili na zaidi, lakini zimenenepa, na ukikaa ndani huisikii barabara. Ya kwetu unaisikia kwenye vidole. Ukigusa usukani pua imeshageuka, ukikanyaga breki hakuna mzigo wa kukusukuma kwa nyuma, na tairi zinadumu. Mwaka jana nilizama na Glanza yangu kwenye tope njia ya Semuto, mvua za Aprili. Vijana wanne wa bodaboda waliishika nyuma, wakainyanyua, wakaiweka pembeni penye majani, nikaondoka. Jaribu hivyo na Prado.

Sasa tuje kwenye ununuzi. Nunua bodi kwanza. Injini, gia, turbo, vyote vinapatikana Kisekka, soko la vipuri la Kampala, ukiwa na subira na mtu wa kukuelekeza duka. Bodi isiyo na kutu haipatikani dukani, na tangu 2018 sheria yetu ya Uganda hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 15 tangu litengenezwe. Maana yake Glanza zilizoko nchini ndizo hizo hizo, hakuna meli inayoleta nyingine, na kila moja inayooza ni moja imepungua. Ndiyo maana nimeshtuka uliposema hili limewahi kukaa Mombasa miaka sita. Chumvi ya pwani inaanzia mahali usipopaona.

Nikueleze nilivyolikagua la kwangu. Nilikwenda na sumaku ndogo ya spika mbovu, nimeifunga kitambaa ili isikwaruze rangi. Niliipitisha polepole kuzunguka upinde wa gurudumu la nyuma, upande wa kulia, ikashika vizuri mpaka juu. Nikaenda upande wa kushoto. Ilishika, ikashika, halafu sehemu ya upana wa kiganja ikadondoka mkononi mwangu kama imegusa ubao. Nilibonyeza kwa kidole gumba: pati tupu, ile lipu ya kuzibia bodi, imepigwa rangi juu. Nikainua zulia la buti, nikatoa tairi la spea, nikamulika kwa tochi. Kwa ndani palikuwa na tundu ningeweza kupitisha kalamu. Muuzaji alinyamaza. Nilipunguza bei kwa sababu ya tundu lile, na bado nililinunua, kwa kuwa vikombe vya shokapu vya mbele, pale juu chini ya boneti, vilikuwa safi, na sakafu ilikuwa nzima. Tundu la upinde fundi wa Katwe anakukatia bati na kulichomelea siku moja. Vikombe vya shokapu vikiliwa na kutu, au reli za chini zikipinda kwa ajali, geuka uende zako hata kama injini inaimba.

Jambo la pili, hakikisha ni Glanza V ya kweli. Neno EP91, yaani namba ya aina ya bodi, kwenye kibati cha gari lisikutoshe, maana Glanza S isiyo na turbo nayo ni EP91, na Reflet ya kawaida pia. Unachotafuta ni herufi 4E-FTE kwenye injini, kisha ulinganishe namba ya injini na ile iliyo kwenye logibuku. Zipo Starlet nyingi za kawaida zilizotiwa injini ya turbo kutoka gari lililopata ajali. Si dhambi, lakini mara nyingi wameacha breki ndogo na shokapu za gari la kupeleka watoto shule, na hapo ndipo watu wanapoumia. Namba zisipolingana, mwenye gari akamilishe makaratasi yake kabla hujatoa hata shilingi.

Tatu, maji. Hapa nisikilize vizuri kwa sababu yalinikuta. Fundi wa mwenye gari wa kwanza alikuwa ametoa thamostati, kile kifaa kinachodhibiti joto la maji ya injini, akaitupa, kama wengi wanavyofanya huku, wakiamini nchi ya joto haiihitaji. Injini ikawa haifiki joto lake, kompyuta ikadhani ni baridi kila saa na kumwaga petroli ya ziada. Nililalamikia ulaji wa mafuta miezi mitatu bila kujua sababu. Tena walikuwa wanajaza maji ya bomba peke yake, bila kulanti, yaani dawa ya kupozea injini na kuzuia kutu. Siku ile naenda msibani Gulu, nimeshapita Nakasongola, jua la saa nane, nikaona mshale wa joto unapanda. Nilisema moyoni nifike tu Kafu. Sikupaswa kusema hivyo. Kilomita sita baadaye moshi mweupe ulikuwa unatoka nyuma na injini inatetemeka. Nikazika kwa kuchelewa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Fundi alipofungua radieta, yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokaa usiku kucha, na chini ya beseni kukabaki mchanga wa kutu. Nusu ya vijia vya radieta vilikuwa vimeziba. Silinda hedi, yaani kichwa cha injini, ni ya aluminiamu, ilikuwa imepinda. Ikapelekwa kusawazishwa, ikafungwa gasketi mpya, radieta mpya, thamostati mpya, na kulanti. Tangu hapo mshale unasimama mahali pamoja, Kampala hadi Arua, na petroli ikapungua bila kugusa kitu kingine. Kwa hiyo ukilitazama hilo la Mbale, fungua kifuniko cha radieta likiwa baridi kabisa uchovye kidole. Kidole kikitoka chekundu kwa kutu, hesabu gharama za hedi kwenye bei hata kama halijapiga moshi.

Kuhusu turbo sina mengi. Moshi wa bluu baada ya kuliacha likinguruma dakika chache kisha kukanyaga ni oili inayopita kwenye turbo au kwenye vali. Badilisha oili kila kilomita 5,000, usingoje zaidi, na ukitoka kulikimbiza acha lingurume dakika moja kabla ya kuzima ili turbo ipoe na oili ikizunguka. Na nakuomba, usimruhusu kijana yeyote aongeze msukumo wa turbo kwa kakifaa ka paipu. Kompyuta ya gari hukata petroli msukumo ukizidi, na hiyo ni hekima ya waliolitengeneza. Wakishaidanganya kompyuta isikate, injini inaanza kugonga, na pistoni zinapasuka. Farasi 135 kwenye kigari hiki zinakutosha, kakangu. Zinamtosha mtu yeyote.

Kwa maisha ya kila siku, weka rimu za inchi 14 na springi za urefu wake wa asili. Najua unapenda likiwa limeshushwa karibu na ardhi. Lakini kutoka Matugga hadi Kawempe peke yake kuna matuta na mashimo ya kukuvunjia ekzosti asubuhi moja, na bushi za wishibon, ile mikono inayoshika magurudumu ya mbele, zitakwisha kabla ya mwaka. Mimi bushi na boljointi nimebadilisha mara moja katika miaka minne, kwa sababu napita shimoni taratibu na gari ni jepesi. Usijaze spika kubwa buti. Usiongeze kilo hata moja isiyo na kazi. Na tenga robo ya bei ya gari uiweke pembeni tangu siku ya kwanza: mkanda wa taimingi utaubadilisha mara moja hata muuzaji akikuapia, maana hakuna ajuaye ulifungwa lini, na tairi nne mpya na breki havisubiri mshahara ujao.

Mpango wangu ni huu. Ijumaa nitalala Mbale kwa binamu yangu. Wewe shika gari la kwanza la asubuhi kupitia Tororo, tukutane mnara wa saa, saa tatu. Nitakuja na sumaku, tochi, jeki na ovaroli. Bodi ikipita, tutalipandisha barabara ya Kapchorwa. Ule mlima na zile kona zitatuambia hali ya maji, turbo na breki zote kwa pamoja, na wewe ndiye utakayeendesha. Pesa ziache benki mpaka tushuke. Nami nikikuambia hapana, nitakuambia mbele ya muuzaji, usinikasirikie.

Msalimie sana shemeji na Mzee. Na umpigie mwenye gari leo hii, umwambie kwa upole asiliwashe siku hiyo kabla hatujafika. Nataka kuweka mkono juu ya injini niikute baridi.

Wako,
Swahiba wako wa Bombo