Jezi 200 za kumbukumbu: tuuze kwa mstari, kwa kura au kwa oda?

Jambo yenu, Mhariri na wasomaji wote.

Sisi ni kamati ya mashabiki hapa Kamalondo, Lubumbashi. Tunashonesha jezi ya kumbukumbu, nyeusi na nyeupe, yenye miaka mitano iliyodariziwa ndani ya ukosi: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Mtu wa hapa haulizi ni miaka ya nini. Kwa msomaji wa mbali: ndiyo miaka TP Mazembe ilipochukua ubingwa wa klabu za Afrika, miwili ya kwanza ikiwa bado inaitwa TP Englebert. Nembo ya klabu hatuweki, si mali yetu. Zenye namba, 1 hadi 200, zitakuwa 200, kila moja dola 25, na mlanguzi yeyote anajua kwamba siku hiyo hiyo jioni ataiuza 60.

Njia ya kwanza ni mstari, anayewahi ndiye anayepata. Hapo mlanguzi haji mwenyewe. Anakodi vijana, kila mmoja dola 2, wanalala mlangoni. Akiweka 50, kwa dola 100 tu anabeba robo ya mzigo, na faida yake ni dola 1,650 kabla jua halijachwa. Ndiyo maana ile dawa ambayo kila mtu hutuandikia, "moja kwa kila mtu", haitoshi. Inasaidia kuliko kuruhusu mbili mbili, kwani hapo kila kijana angerudi na jezi mbili kwa ujira uleule, lakini mlanguzi anakodi watu, na watu wa kukodi hawakosekani. Tena anachukua M na L kwanza, zinazouzika haraka. Anayetoka kazini saa kumi anakuta S na XXL.

Tena mstari una hatari yake. Amsterdam, mwaka 2023, jumba la makumbusho la Van Gogh lilitoa kadi ya Pikachu, yule mnyama wa katuni za Pokémon, aliyevaa kofia ya kijivu. Watu walisukumana hata jumba likaacha kuitoa kwa ajili ya usalama. Mwezi Mei 2025 Pop Mart, kampuni ya China ya vitu vya kuchezea, ilisimamisha uuzaji wa wale wanasesere wa Labubu katika maduka yake ya Uingereza kwa sababu hiyo hiyo. Kama wenye maduka na walinzi wameshindwa, sisi na meza mbili na kamba tutafanya nini?

Njia ya pili ni kura. Watu wanajiandikisha kwa siku tatu kwa namba ya simu yenye akaunti ya pesa na kadi ya mpiga kura, kisha tunachota majina. Tunalinganisha jina la kwenye kadi na lile linalotokea kwenye simu wakati wa kutuma makuta. Yasipofanana, jina linatoka. Kadi ni ya lazima, maana namba ya simu pekee haitoshi: mtu mmoja ana laini ya Vodacom, ya Airtel na ya Orange, zote kwa jina lake.

Ila kura haimzuii mlanguzi, inampandishia gharama tu. Wakijiandikisha watu 1,000 na 50 wakiwa wake, atapata jezi 10 hivi, na kila moja imemgharimu dola 10 za vijana badala ya 2. Vizuri. Lakini wakijiandikisha 400 tu, atapata 25. Nguvu ya kura ni wingi wa mashabiki wa kweli, na huo hatuwezi kuuagiza kwa fundi.

Wengine wamependekeza tudarizi jina la mnunuzi mgongoni. Hilo linaua ulanguzi kabisa, hatubishi. Linaua pia kubadilishana, ambako kwa mkusanyaji ndiko utamu wenyewe, na jezi ya marehemu itamkaa nani? Tunapendelea lebo ya namba iliyofumwa, ishonewe ndani ya mshono wa ubavu pamoja na overloki (uzi unaofunga kingo za kitambaa). Lebo ya ukosini hukatwa kwa wembe na kuhamishiwa jezi bandia kwa dakika tano. Ya ubavuni ukitaka kuitoa lazima ufumue mshono, na nguo iliyofumuliwa hujionyesha: uzi hauendani, matundu ya sindano ya zamani yanabaki. Daftari la namba litabaki kwa kamati, bila kutangaza majina ya wenye nazo.

Njia ya tatu ndiyo inayotugawa. Tufungue oda kwa siku kumi, kila anayetaka aagize, dola 15 mkononi na 10 siku ya kuchukua. Tushone idadi ile ile iliyoagizwa. Kisha, kati ya oda zote, tuchote 200 zitakazoshonewa lebo ya namba, bila kuongeza bei. Shabiki hakosi jezi kamwe. Anachobahatisha ni namba. Mlanguzi naye analazimika kununua jezi za kawaida ambazo hakuna atakayempa zaidi ya 25, kwa kuwa aliyezitaka alishaagiza.

Tumepiga hesabu. Zikiwa oda 600 na 50 ni zake, atapata zenye namba 17 na za kawaida 33. Akiuza za namba kwa 60 na za kawaida kwa 15, akiwalipa vijana wake, anabaki na dola 165. Bado ni faida. Zikiwa oda 1,000, anapata 10 za namba na 40 za kawaida, na anapoteza 150. Wingi una kazi nyingine pia: mwezi Juni 2025 Pop Mart ilipomwaga mzigo mkubwa wa Labubu sokoni kule China, bei ya walanguzi ilianguka.

Upinzani unatoka kwa wakusanyaji wakongwe. Wanasema jezi ikivaliwa na watu 1,000, zile 200 zenye lebo ubavuni zitajulikanaje barabarani? Wengine wanataka uzi wa dhahabu ukosini kwa zile 200 tu. Fundi anasema inawezekana, ila lazima ajue idadi ya kila saizi kabla ya kudarizi, kumaanisha kura ichotwe kabla hajakata kitambaa, na saizi zisibadilishwe tena. (Kutakuwa na kilio. Kila mwanaume wa hapa anaamini yeye ni M.)

Basi tunaomba ushauri wenu katika mambo matatu. Uzi wa dhahabu utaturudisha kwenye ulanguzi ule ule, au unavumilika? Namba zinazopendwa, kama 1, 10 na 39 ya mwaka 1939 klabu ilipoanzishwa, tuziingize kwenye kura na nyingine, au tuzipige mnada hadharani na faida iende kwa watoto wanaocheza uwanjani bila viatu? Na la tatu, linalotunyima usingizi: oda 600 kwa dola 15 ni dola 9,000. Makuta hayo yakae kwa nani siku zote ambazo fundi anashona, na mtu wa oda ya 601 atajuaje kwamba hatujayala?

Kamati ya mashabiki, Kamalondo, Lubumbashi